Simu Imedondoka: Soma Dalili Kabla ya Kulipia Kioo

Watu wengi wanaoleta simu iliyodondoka hufika mezani na jibu tayari: "Fundi, niwekee kioo kingine." Mara nyingi ni kweli, kioo ndicho kilichokufa. Lakini zipo simu ambazo kioo chake ni kizima kabisa, kilichotokea ni konekta (kichomekeo cha waya wa kioo) kuchomoka kwenye bodi (sakiti kuu ya simu). Zipo na nyingine ambazo hata ukizibadilishia vioo vitatu haziwaki, kwa sababu kilichoumia hakiko kwenye kioo. Asiyejua tofauti hiyo hulipia kitu ambacho hakikuwa na shida. Nitapitia dalili kwa maneno ya wateja wenyewe, nieleze kinachoweza kuwa kimetokea ndani, cha kujaribu ukiwa nyumbani na cha kutogusa.

Kabla ya yote: ikiwa simu imedondoka na bado inafanya kazi, hata kama kioo kina ufa mmoja tu, hamisha picha, namba na nakala ya WhatsApp leo hii. Usingoje kesho. Ufa hutembea, doa hukua, na tachi iliyo hai saa hizi inaweza kugoma usiku. Simu ya Android yenye namba ya siri haitoi mafaili kwa kompyuta mpaka kwanza uifungue kwenye skrini. Tachi ikifa, picha zako zipo ndani salama salimini ila huzifikii.

"Imedondoka kidogo tu, tena kutoka kitandani"

Naisikia kila siku, na wanaosema hivyo hawadanganyi. Simu inayodondoka kutoka kimo cha mita moja hufika chini kabla nusu sekunde haijaisha, ikiwa kwenye mwendo wa takriban kilomita 16 kwa saa. Mwendo huo si mkubwa. Tatizo ni kwamba kwenye marumaru simu husimama papo hapo, na kama imetua kwa kona, nguvu yote inaingilia kwenye kasehemu kadogo kuliko ukucha.

Halafu kuna historia ya kioo chenyewe. Vioo vya simu janja nyingi, Gorilla Glass ya Corning ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, hutumbukizwa kiwandani kwenye chumvi iliyoyeyuka yenye joto la karibu nyuzi 400. Humo ioni ndogo za sodiamu hutoka kwenye uso wa kioo, na nafasi zake huchukuliwa na ioni za potasiamu ambazo ni kubwa zaidi, kama watu wazima wanne waliobanana kwenye siti ya daladala ya watu watatu. Mbanano huo ndio uimara wenyewe, maana ufa hauwezi kuanza kirahisi kwenye uso uliobanwa. Lakini mkwaruzo wa mchanga unaweza kupenya tabaka hilo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo cha simu huanza kuchubuka kwenye 6, na mchanga mwingi ni kwazi, ambayo ni 7. Kwa hiyo mtu anaweza kuteremka Coco Beach na simu mfukoni, akarudi nayo haina ufa hata mmoja, na wiki tatu baadaye ikapasuka kwa kudondoka kutoka kwenye kochi. Anayelaumiwa ni kochi.

"Kioo kimepasuka ila picha safi na tachi inafanya kazi"

Kilichopasuka ni kioo cha juu tu. Paneli inayotoa picha, iliyo chini yake, ni nzima. Hapa una uamuzi wa kufanya, huna dharura.

Unaweza kubandika protekta juu yake ili vipande visikukate kidole wala sikio, ukaendelea kuitumia huku ukijipanga. Unaweza pia kubadilisha kioo cha juu peke yake, lakini kazi hiyo inataka mashine ya kutenganisha kioo na paneli na gundi maalumu inayokuja kama karatasi, na kwenye simu zenye kioo kilichopinda pembeni paneli hufa mikononi mwa fundi mara nyingi kuliko mafundi wanavyopenda kukiri. Uliza kabla: ikifia hapa mezani, nani analipa? Kwa simu za bei ya chini sioni sababu ya kuhangaika, maana kioo kamili hakipishani sana bei na kazi ya kutenganisha.

Kitu kimoja husahaulika. Simu iliyopasuka, hata kama kasha lake liliandikwa IP68, ihesabu kuwa haizuii maji tena. Kipimo hicho kilifanyika ikiwa nzima.

"Kuna wino umevuja" au "kuna mistari"

Hii ni paneli, na hakuna programu wala kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani kutakakoisaidia. Kwenye LCD, yaani paneli inayomulikwa na taa ya nyuma, kimiminika kilicho kati ya vioo viwili vyembamba kimepata njia ya kutoka, na doa linaweza kukaa pale pale kwa miezi. Kwenye OLED, ambayo chembe zake hutoa mwanga zenyewe, ni habari nyingine: hewa na unyevu vikiingia huua chembe zinazotoa mwanga, kwa hiyo doa jeusi au la zambarau hukua kila siku hadi lifunike skrini nzima. Mwenye OLED yenye doa la ukubwa wa harage ana siku za kuokoa mafaili yake, na sizihesabu kuwa ni nyingi.

Ukiona mistari na huna hakika, kipo kipimo cha bure. Piga picha ya skrini (skrinshoti) kwa simu hiyo hiyo, kisha itume kwenye simu nyingine. Kama kule mistari haionekani, simu inatengeneza picha vizuri na kasoro iko kwenye paneli au fleksi yake (utepe wa waya unaoiunganisha na bodi). Kama mistari imeingia hadi kwenye picha uliyoituma, hapo tatizo liko kwenye bodi au programu, na kununua kioo ni kutupa hela.

"Giza totoro, lakini ukiipigia inaita"

Hii ndiyo dalili inayowagharimu watu bure kuliko zote. Simu inatetemeka, alamu inalia, ukiweka chaji inatoa mlio, ila skrini haioneshi kitu. Anza kwa kuilazimisha kujiwasha upya: kwa Android nyingi unashikilia kibonye cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde kumi na kitu. Ikishindikana, ingia chumba chenye giza, umulike skrini kwa tochi ya pembeni ukiiangalia kwa karibu. Kama simu yako ni ya LCD na unaona aikoni kwa mbali, kama vivuli, basi paneli ni hai na kilichozima ni taa ya nyuma, ambayo mara nyingi ni kazi ya kifaa kidogo kwenye bodi. Kwa OLED kipimo hiki hakina maana, kwa sababu haina taa ya nyuma.

Kama huoni chochote, inawezekana paneli imekufa, na inawezekana pia konekta imechomoka. Konekta ya kioo ni kakipande kenye upana usiozidi ukucha wa kidole kidogo, na kazi ya kukishika mahali pake inafanywa na kibati chenye skrubu moja au mbili. Kwenye simu ambayo imewahi kufunguliwa, kibati hicho mara nyingi hakipo, fundi aliyepita alikisahau au skrubu ilimpotea. Basi simu ikidondoka, konekta inaruka. Fundi akifungua, mwambie achomoe na kurudisha konekta kwanza, na aiwashe mbele yako. Asipotaka kuifungua ukiwepo, kuna mafundi wengine.

Na hata ikithibitika ni paneli, kioo kipya kijaribiwe kikiwa kimening'inia, kabla ya gundi. Gusa kila kona, andika kitu, piga simu. Kikishabandikwa, kukirudisha dukani ni ugomvi.

"Tachi inajichezea yenyewe"

Simu inafungua programu, inaandika herufi, inapiga namba za watu. Hatari yake haiishii kwenye usumbufu: inaweza kukosea namba ya siri mara nyingi hadi ikajifunga. Izime. Ikigoma kuzimika, chomoa laini angalau isipigie bosi wako usiku.

Kisha tafuta sababu kwa mpangilio huu. Toa chaja, maana chaja mbovu peke yake hufanya tachi ichanganyikiwe, na kama ukiitoa tu inatulia, basi kudondoka hakuhusiki. Toa kava na protekta. Ilaze simu juu ya meza iliyonyooka uone kama inabembea: fremu iliyopinda huibana paneli kutoka pembeni. Betri iliyovimba huisukuma kutoka nyuma. Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo ulaumu tachi yenyewe.

Ila si kila mara tatizo liko kwenye kioo. Mfano unaojulikana ni iPhone 6 Plus, ambayo wenyewe waliona ukanda wa kijivu ukimemeta juu ya skrini, kisha tachi ikafa. Waliobadilisha kioo walirudi na shida ile ile. Mwezi Novemba 2016 Apple ilitangaza mpango wa kuitengeneza kwa dola 149, ikieleza kuwa hutokea kwa simu iliyodondoka mara kadhaa kwenye sehemu ngumu kisha ikapata misukosuko zaidi. Mafundi wa bodi walikuwa wameshaliona: aisi (chipu) za tachi zimeshikwa kwenye bodi kwa vitone vidogo mno vya risasi ya kulehemu, bodi ikijipinda vitone vinapata nyufa. Mambo hayo hayajaisha na simu ile. Ukibadilisha kioo kwa fundi mwaminifu na tachi bado inacheza, usikubali kioo cha tatu. Tafuta anayejua bodi.

Tachi ikiwa imekufa kabisa lakini picha inaonekana, nunua waya wa OTG na uchomeke mausi ya kompyuta. Kwenye Android nyingi mshale unatokea, unaandika namba yako ya siri kwa kubofya, na unahamisha mafaili yako yote. Hii imeokoa picha za harusi nyingi.

"Inazima na kuwaka" na "haiwaki kabisa"

Vua kava kwanza. Sitanii. Kudondoka kunaweza kusogeza kava likawa linabonyeza kibonye cha kuwashia muda wote, na simu ikawa inajizima na kujiwasha bila kukoma. Kama bila kava bado inafanya hivyo, bonyeza kibonye na usikilize: kinapaswa kurudi na kutoa mlio. Kilichozama ndani kwa sababu fremu imebonyea hutoa dalili hiyo hiyo.

Baada ya hapo ni konekta ya betri, au bodi. Simu iliyozimwa halafu bado ina joto sehemu moja ina shoti. Usiichaji ukitumaini itaamka. Kuhusu fundi anayependekeza "kuipiga bloa" bodi nzima, yaani kuipulizia hewa ya moto: joto hulainisha risasi na simu inaweza kuamka kweli, ikafanya kazi siku kadhaa, kisha ikarudi ilipokuwa. Mimi naiona ni njia ya kupata mafaili, si matengenezo. Ikiamka, hamisha kila kitu siku hiyo hiyo.

Betri

Mgongo umeinuka, kioo kimeachana na fremu, simu inachemka bila kutumika au kuna harufu tamu kali: izime, iweke kwenye sakafu ya saruji mbali na mapazia na godoro, usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Betri ya lithiamu iliyokunjamana kwa ndani inaweza kushika moto saa kadhaa baada ya tukio. Mchele hausaidii hapa, na hata kwa simu iliyolowa hausaidii kama watu wanavyodhani.

"Haisomi laini"

Weka laini yako kwenye simu nyingine, uone kama ni nzima. Toa kitreya, kirudishe taratibu. Kisha bonyeza *#06#. Ikitoa namba za IMEI, sehemu ya mtandao bado inatambulika, na huenda kilichochomoka ni waya wa antena, mwembamba kama uzi, ambao fundi anaurudisha kwa kibano. Ikitoa patupu au sifuri, jiandae kwa kazi ya bodi. Kama Wi-Fi nayo imekuwa dhaifu kwa wakati mmoja, mimi huanza na antena.

Kamera, spika na maiki

Ukitikisa simu ukasikia kitu kinagonga karibu na kamera, usiogope bado. Simu zenye kidhibiti cha mtikisiko zina lenzi inayoelea kwa sumaku, na hugonga kidogo zikiwa zimezimwa. Dalili ya kuumia ni picha kutetemeka kwenye skrini ukiwa umetulia, au kamera kushindwa kulenga kitu cha karibu. Tena hii haihitaji kudondoka. Mwaka 2021 Apple ilionya kuwa mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaweza kudhoofisha mfumo huo kadiri muda unavyokwenda. Dereva wa bodaboda anayefunga simu kwenye usukani kutwa nzima kwa ajili ya ramani atafute kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, au atumie simu ya bei rahisi kwa kazi hiyo.

Sauti haisikiki ukipiga? Rekodi sauti kwa kinasa sauti, kisha rekodi video. Simu nyingi zina maiki zaidi ya moja, kwa hiyo kimoja kikisikika vizuri na kingine kikakwaruza, umeshajua kuwa tatizo ni la maiki moja na si la simu nzima. Mwenye Samsung anaweza kubonyeza *#0*# akapata menyu ya kupima skrini, tachi, spika na sensa. Kwa Xiaomi ni *#*#6484#*#*.

Kioo kipya, shida mpya

Umelipa, umerudi nyumbani, na sasa alama ya kidole haisomi, au skrini haizimi ukiweka simu sikioni. Uliza uliwekewa kioo gani. Simu iliyotengenezwa na OLED ikiwekewa LCD ya kopi itawaka na rangi zitaonekana, lakini kisomaji cha kidole kilicho chini ya skrini kikiwa cha kutumia mwanga hakiwezi kuona kupitia tabaka za LCD. Chaji nayo itaisha haraka na kioo kitasimama juu ya fremu kidogo. Skrini isiyozima sikioni kwa kawaida ni sensa iliyofunikwa na gundi au protekta. Kwa iPhone 11 na kuendelea, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu simu; kioo kisichotambulika huandikwa hapo.

Siwalaumu wanaonunua kopi, bei ni bei. Mteja tu aambiwe kabla, na arudishiwe kioo chake cha zamani.

Ili isipasuke tena

Kava zuri halihitaji kuwa ghali. Lilaze pamoja na simu kifudifudi juu ya meza ya kioo, upitishe karatasi kati ya skrini na meza. Ikipita bila kukwama, ukingo unafanya kazi. Kisha bonyeza kona: ziwe nene na laini, zirudi zenyewe, kwa sababu kazi yake ni kuipa simu nafasi ya kusimama polepole zaidi. Kava gumu la plastiki linalong'aa huzuia mikwaruzo na si zaidi. Kava la silikoni lililolegea kwa uzee litupe, simu hutoka ndani yake hewani.

Maneno ya kwenye kasha yasome kwa utulivu. Kipimo cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810 toleo la G, ni kudondoshwa mara 26 kutoka sentimita 122, yaani kila uso, kila ukingo na kila kona mara moja, lakini juu ya mbao iliyolazwa kwenye zege, na mtengenezaji anaruhusiwa kugawa mara hizo kwa simu hadi tano. Corning nayo ilitangaza mwaka 2020 kuwa kioo chake cha Gorilla Glass Victus huhimili hadi mita 2, kisha mwaka 2022, kwa Victus 2, ikataja mita 1 kwenye uso unaoiga zege. Zege hula vioo kuliko sehemu nyingine, na barabara zetu za vitalu ni zege tupu.

Protekta ya kioo ibandike, na ukiona imepata ufa au imemeguka ukingoni, ibadilishe. Ile ya gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya zambarau inafaa kwa vioo vilivyopinda, ila sisitiza tundu la spika na vibonye vizibwe kwa utepe kwanza. Gundi ikishaingia kwenye spika ya sikioni na kukauka, haitoki, unabadilisha spika.